Ukipata pishi la Django, lifuate mpaka kwa mzazi wake

Fomu ilifunguka vizuri. Nikajaza kichwa cha makala, nikaandika aya mbili za majaribio, nikabofya kuhifadhi, nikapelekwa kwenye ukurasa wa orodha. Orodha ilikuwa tupu. Nikarudia mara tatu, hamna kitu, na wala hakukuwa na kosa lolote lililojitokeza kwenye skrini.

Wakati huo nilikuwa najifunza Django, mfumo wa kutengeneza tovuti kwa lugha ya Python, kwa mapishi, yaani mifano mifupi ambayo kila mmoja unatatua jambo moja: kupakia picha, kugawa orodha katika kurasa, kumtambua aliyeandika makala. Hilo la mwisho ndilo lililonikwamisha. Pishi lilinitaka niandike upya methodi ya form_valid, inayoitwa fomu ikishajazwa sawasawa, ndani ya klasi yangu inayorithi CreateView (klasi ya Django ya kurasa za kuongeza kitu kipya), nimweke mtumiaji aliyeingia awe mwandishi, kisha nimalizie kwa kuita super().form_valid(form), yaani methodi ileile ya mzazi, klasi ninayoirithi. Mstari huo wa mwisho niliuona wa ziada. Nikaufuta, nikaweka redirect, amri ya kumpeleka mtumiaji, ya kwenda kwenye orodha.

Kilichonitoa hapo ni kufungua faili la Django lenyewe. Ni programu huria, na ukishaisakinisha msimbo wake wote umo ndani ya kompyuta yako, umeandikwa kwa Python ileile unayojifunza. Kwenye django/views/generic/edit.py, ndani ya klasi ya ModelFormMixin, form_valid ina kazi mbili tu: inaita form.save(), kisha inamwachia mzazi anayefuata, ambaye humpeleka mtumiaji kwenye ukurasa mwingine. Kumbe anayehifadhi ni mzazi! Mimi nilimnyamazisha, nikabaki na ile safari ya kwenda kwenye orodha peke yake.

Tangu siku hiyo sihesabu pishi kuwa limeniingia kwa sababu tu limefanya kazi. Najiuliza: methodi hii niliyoiandika upya, mzazi alikuwa anaifanyia nini? Fungua python manage.py shell, ingiza klasi yako, kisha andika jina lake likifuatiwa na .__mro__. Utaona foleni nzima ya wazazi kwa mpangilio ambao Python huwapitia. Kwa klasi inayorithi CreateView foleni hiyo ina majina zaidi ya 10. Usiogope wingi wake. Mtafute yule mmoja mwenye methodi unayoigusa, msome huyo, wengine waache kwanza.

Halafu livunje pishi kwa makusudi. Ondoa mstari mmoja, bashiri kitakachotokea, ndipo uendeshe. Kubashiri kabla ni muhimu kuliko kuendesha kwenyewe. Nilifanya hivyo kwa pishi la get_queryset, methodi inayochagua makala za kuonyesha, lililokuwa na select_related("mwandishi"), inayomleta mwandishi pamoja na makala kwa swali moja. Nilipoiondoa, ukurasa haukubadilika hata kidogo kwa macho. Nilipotazama maswali yanayokwenda kwenye hifadhidata, orodha ya makala 50 zenye jina la mwandishi ilikuwa inauliza mara 51: mara moja kwa orodha, kisha mara moja kwa kila makala. Niliporudisha mstari ule, likabaki swali 1. Hapo nikaelewa pia kwa nini haifai kwa lebo, maana makala moja ina lebo nyingi. Huko inatakiwa prefetch_related, inayoongeza swali la pili badala ya kuunganisha jedwali.

Kama hujawahi kuandika ukurasa hata mmoja kwa fanksheni ya kawaida, inayopokea request na kurudisha jibu, anza na huo. Klasi za CreateView na wenzake zinaficha hatua ambazo ni vizuri uwe umezipitia kwa mkono walau mara moja.

Angalia pia pishi limeandikwa kwa toleo gani. Mengi yaliyoko mtandaoni bado yanatumia url() kwenye urls.py, faili la anwani za kurasa, ilhali path() ilikuja na Django 2.0 mwaka 2017 na ile ya zamani iliondolewa kabisa kwenye 4.0. Vivyo hivyo ForeignKey (uga unaounganisha jedwali moja na jingine) isiyo na on_delete, inayosema kifanyike nini kilichounganishwa kikifutwa: tangu 2.0 inakataa. Ukikutana na dalili hizo usilitupe pishi. Fungua maelezo rasmi ya toleo ulilosakinisha, tafuta klasi hiyohiyo, na ulinganishe mstari kwa mstari.