Nipeni Willie Nelson pamoja na miaka yake ya kushindwa

Ndugu Mhariri,

Mmetuuliza wiki hii: ni mkusanyiko upi wa nyimbo za mwanamuziki mmoja mkongwe unaostahili kusikilizwa mwanzo hadi mwisho, na kwa nini? Najua Franco na Mbaraka Mwinshehe watajaa kwenye majibu, na ni haki yao. Mimi nawaletea mzee wa Texas. Jibu langu ni One Hell of a Ride ya Willie Nelson, CD nne zenye nyimbo 100, iliyotolewa na Columbia/Legacy mwaka 2008, wiki chache kabla hajatimiza miaka 75.

Huku kwetu Bonde la Ufa muziki wa kantri hauhitaji kutambulishwa. Jim Reeves, Skeeter Davis, Don Williams, Kenny Rogers na Dolly Parton wamepigwa redioni hadi wamekuwa kama wenyeji. Willie lakini amebaki pembeni. Wengi wanamjua kwa wimbo mmoja, ule wa 1984 alioimba na Mhispania Julio Iglesias, na hata humo anasikika kama mgeni aliyealikwa kwa heshima tu. Nadhani tatizo ni sauti. Don Williams anakupa sauti nzito, iliyotulia, inayoingia sebuleni bila kubisha. Willie anaimbia puani, na isitoshe haendi na mdundo. Ngoma inapiga, yeye yuko nyuma. Mstari unakaribia kuisha, ndipo anaparamia maneno matatu kwa mpigo na kufika salama, kama abiria anayemalizia chai yake huku akijua konda hatamwacha.

Shikeni hilo la kuchelewa, maana ndilo linaloshikilia seti nzima.

Mikusanyiko mingi hupangwa kwa ushindi. Wanachukua nyimbo zilizoongoza chati, wanazipanga, wanaweka picha nzuri juu, na msikilizaji anaondoka akidhani msanii alizaliwa bingwa. Hii imefanya kinyume. CD nzima ya kwanza ni ya mtu ambaye, kama mwimbaji, mambo hayamwendei. Inafungua mwaka 1954, katika mji mdogo wa Pleasanton, Texas. Willie ni kijana mtangazaji wa kituo cha KBOP, na anatumia mitambo ya kazini kujirekodi When I've Sung My Last Hillbilly Song. Kanda hiyo aliipeleka kwa kampuni ndogo ya Sarg, ikakataliwa. Hebu fikirieni: wimbo wa kwanza wa seti ya kumsherehekea mtu ni wimbo uliokataliwa! Halafu inakuja No Place for Me ya 1957, aliyoitoa kwa pesa zake mwenyewe akiwa mtangazaji huko Vancouver, jimbo la Washington, akiiuza kwa wasikilizaji wa kipindi chake.

Kisha Houston, na hapa watunzi wetu wa Afrika Mashariki wataelewa bila kuelezwa. Akiwa hana pesa, aliuza Family Bible kwa dola 50. Akauza Night Life kwa dola 150. Aliziuza moja kwa moja, mirabaha akaiaga. Family Bible ikawa kibao kwa sauti ya Claude Gray mwaka 1960. Night Life ikaja kuimbwa na Ray Price, B.B. King na Aretha Franklin, miongoni mwa wengi. Rekodi ya kwanza ya Night Life aliyoimba mwenyewe ilibidi itoke kwa jina la Paul Buskirk and His Little Men, na mwimbaji akaandikwa "Hugh Nelson", kwa sababu kampuni aliyokuwa na mkataba nayo haikuutaka wimbo huo. Hugh ni jina lake la kati. Imo kwenye seti, na kwangu inashinda matoleo mengi yaliyofuata: gitaa la blues, ngoma ya taratibu, na mtu anayeimba kana kwamba ametoka tu kazini usiku wa manane.

Alipofika Nashville, kitovu cha muziki wa kantri, mwaka 1960 akawa mtunzi anayetafutwa. Mwaka 1961 Faron Young alipasua chati na Hello Walls, Billy Walker akaimba Funny How Time Slips Away, na Patsy Cline akaimba Crazy. Nyimbo zote tatu ni za Willie, na kwenye seti mnazipata kwa sauti yake mwenyewe. Sikilizeni Crazy yake mara baada ya ile ya Patsy. Kisa cha studio kinajulikana sana: Patsy alijaribu kwanza kuimba kama alivyosikia kwenye rekodi ya majaribio ya Willie, akachelewa nyuma ya ngoma alipochelewa yeye, na haikutoka. Mbavu zilikuwa bado zinamuuma baada ya ajali ya gari ya Juni mwaka huo. Alirudi siku nyingine, akauimba kwa njia yake, na ndio huo dunia nzima inaujua. Kwa Patsy wimbo ni kilio kilichovalia vizuri. Kwa Willie ni mtu anayejisemea peke yake jikoni. Kwa nini basi mtunzi wa vibao vitatu kwa mwaka mmoja hakuweza kuuza albamu zake mwenyewe?

Jibu limo ndani ya CD hiyohiyo, na kwa sisi wapenzi wa Jim Reeves ni jibu la kuuma kidogo. Katikati ya miaka ya 1960 Willie aliingia kampuni ya rekodi ya RCA, chini ya Chet Atkins. Huyu Atkins ndiye aliyesimamia rekodi za Jim Reeves, pamoja na He'll Have to Go ya 1959. Wakati huo Nashville ilikuwa inatafuta wanunuzi wa mjini, kwa hiyo fidla za kijijini ziliondolewa, zikaja violini nyingi, piano laini na waitikiaji wa "uuu" na "aaa" nyuma. Kwa Reeves mtindo ule ulikaa kama suti iliyoshonwa kwa kipimo chake, kwa sababu sauti yake ilikaa juu ya mdundo, silabi kwa silabi. Hata asiyejua Kiingereza sana aliweza kufuata maneno, na nashuku hiyo ni sababu mojawapo ya Reeves kupendwa huku. Mvalishe Willie suti hiyo uone. Violini zinafika mwisho wa mstari, yeye bado yuko katikati. Waitikiaji wameshaitika jambo ambalo bado hajalisema. Kuna nyimbo za kipindi hicho ambazo ni nzuri kabisa kwenye karatasi na zinachekesha kwenye spika.

Mkusanyiko wa vibao tu ungeruka miaka hiyo yote. Huu haukuiruka, na ndiyo sababu ya kuupigia kura. Atkins alikuwa mpiga gitaa hodari na fundi mkubwa wa studio, wala hakuna mtu wa kulaumiwa hapo. Ni kwamba unasikia kwa masikio yako mwenyewe sauti na kiwanda vikikataana, na huhitaji mwanahistoria wa kukueleza.

Ndani ya kipindi hicho kuna kitu kimoja ambacho hakikutoka kiwandani. Mwaka 1969, baada ya mlevi mmoja kukanyaga gitaa lake la awali, Willie alinunua Martin N-20 kwa dola 750 bila hata kuliona. Ni gitaa la nyuzi za nailoni, la aina wanayopigia muziki wa klasiki, halikutengenezwa kwa kuchapwa na pleki, kile kijipande kigumu cha kukwanyulia nyuzi. Akalichapa na pleki miaka nenda rudi hadi likatoboka tundu la pili. Analiita Trigger, kwa jina la farasi wa Roy Rogers, mwigizaji wa filamu za kauboi. Muda si mrefu baada ya kulinunua, nyumba yake ya Ridgetop, Tennessee, iliungua, na yeye akaingia ndani kuliokoa. (Inasimuliwa kwamba aliokoa na bangi yake pia; mwenyewe hajawahi kuionea haya habari hiyo.) Ukisikiliza seti kwa mpangilio, utajua Trigger imefika hata bila kuambiwa. Ghafla gitaa linaanza kuimba naye, linachelewa naye, lina kitu cha Django Reinhardt, yule mpiga gitaa wa jazi, ndani yake, na violini hazina tena nafasi.

Mwaka 1972 alihamia Austin. Pale Armadillo World Headquarters, ukumbi uliokusanya vijana wenye nywele ndefu na watu wa mashambani chini ya paa moja, hakuna aliyejali kama anakwenda na ngoma. CD ya pili ni ya miaka hii, na sina mengi ya kuisifia kwa sababu inajisifia yenyewe. Kuna kazi alizofanyia kampuni ya Atlantic: Shotgun Willie ya 1973 na Phases and Stages ya 1974. Halafu Columbia, kwa mkataba uliompa neno la mwisho studioni. Alikwenda Garland, Texas, akarekodi Red Headed Stranger kwa siku chache na, inavyosimuliwa, kwa takriban dola 4,000. Gitaa, piano ya dada yake Bobbie, harmonika ya Mickey Raphael, besi na ngoma kwa mbali. Wakubwa wa kampuni walipoisikia walidhani ni rekodi ya majaribio. Humo ndimo ulimotoka Blue Eyes Crying in the Rain, wimbo wa Fred Rose ambao Roy Acuff aliuimba miaka ya 1940. Ulifika namba moja mwaka 1975. Ndio wimbo wa kwanza wa Willie kufika hapo kama mwimbaji, akiwa na umri wa miaka 42, miaka 21 baada ya kanda ya Pleasanton.

Ukiusikia wimbo huo peke yake kwenye redio, ni wimbo mtamu wa huzuni. Ukiusikia baada ya CD nzima ya violini na waitikiaji, unaelewa ni nini kilichoondolewa.

Nina malalamiko, na nitayasema. Red Headed Stranger ni hadithi moja ya mhubiri aliyemuua mkewe, kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Phases and Stages nayo ni ndoa iliyovunjika, upande mmoja wa sahani ya santuri ukisimuliwa na mke, wa pili na mume. Ukichomoa nyimbo chache na kuzipanga na nyingine, hadithi imekatwa shingo. Hakuna mkusanyiko unaoweza kukwepa jambo hilo, lakini anayesikiliza ajue. Albamu hizo mbili zitafuteni zikiwa nzima.

CD ya tatu inabebwa na nyimbo za Stardust ya 1978. Hapo tena kampuni ilitikisa kichwa: mwasi wa Texas anaimba nyimbo za enzi za wazazi wake, chini ya Booker T. Jones, mpiga ogani wa muziki wa soul kutoka Memphis, ambaye kwa bahati walikuwa majirani huko Malibu. Albamu hiyo ilikaa kwenye chati ya kantri kwa takriban miaka kumi. Zipo pia On the Road Again na Always on My Mind, na Pancho and Lefty aliyoimba na Merle Haggard.

Ya nne inanichosha. Kolabo, kolabo, kolabo. Seven Spanish Angels na Ray Charles ni ya kusimamisha nywele, hiyo siigusi. Lakini kuna nyingine ambazo Willie ametia sahihi tu. Ningekuwa mimi ndiye mpangaji, ningeondoa nusu ya wageni na kujaza nyimbo za Spirit ya 1996, albamu ya magitaa, fidla na piano ya Bobbie, ambayo wengi hawaijui. Seti inafungwa na When I've Sung My Last Hillbilly Song, uleule wa 1954, alioimba upya mwaka 2007. Ni ujanja wa wauzaji, sawa, lakini ni ujanja uliofikiriwa vizuri.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini seti kama hii haikutoka mapema zaidi. Sehemu ya jibu ni ya kiofisi. Rekodi za Willie zilitawanyika kwa kampuni nyingi: Liberty, Monument, RCA, Atlantic, Columbia, Island na nyinginezo, kila moja na mwenye mali wake. Mwaka 2004 Sony na BMG ziliunganisha kazi zao za muziki, na kwa hivyo Columbia na RCA, miaka yake ya ushindi na ya kushindwa, zikajikuta ghala moja. Zilizobaki ziliombewa ruhusa.

Asiye na subira ya nyimbo 100 atafute The IRS Tapes: Who'll Buy My Memories? Mwaka 1990 mamlaka ya kodi ya Marekani ilikamata mali zake kwa deni lililotajwa kuwa dola milioni 16.7, naye akatoa albamu ya nyimbo zake za zamani, sauti na gitaa tu, ili mauzo yasaidie kulipa. Karibu hakuna kingine ndani yake. Kwa kuanzia inatosha kabisa, na ukiipenda, utarudi kwenye CD nne bila kusukumwa.

Kasoro moja haina dawa: seti imepitwa na wakati. Mzee hakukaa kimya baada ya 2008. Alitoa albamu moja baada ya nyingine, akatimiza miaka 90 mwaka 2023 kwa tamasha la siku mbili pale Hollywood Bowl, na mwaka huohuo albamu yake A Beautiful Time ikapewa tuzo ya Grammy ya albamu bora ya kantri. Mtu atalazimika kuongeza CD ya tano.

Shauri langu la kusikiliza: anzeni na CD ya pili, mrudi ya kwanza, halafu ya tatu. Ya nne mle kwa vipande. Na kama kuna msomaji mwenye rekodi ya Don Williams jukwaani Harare mwaka 1997, tafadhali aandike wiki ijayo. Huyo ndiye mpinzani pekee ninayemhofia.