Tumetunza msitu, mbona jirani aliyefyeka ndiye atalipwa zaidi?

SWALI: Mimi ni katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji kimoja mkoani Lindi. Tuna msitu wa hifadhi wa kijiji na tumeulinda miaka mingi. Sasa imekuja kampuni ya hewa ukaa. Mtaalamu wao anasema mapato yetu yatakuwa kidogo kuliko ya kijiji jirani, ambacho kimefyeka sana kwa ajili ya ufuta na mkaa, kwa kuwa "mstari wa msingi" wao uko juu. Wazee wamekasirika. Hesabu hii ni ya kweli au tunapunjwa?

JIBU: Ndugu Katibu, hesabu ni ya kweli, na wazee wana haki ya kukasirika.

Anayenunua kaboni hanunui miti. Ananunua tofauti kati ya msitu utakaobaki mradi ukiwepo na ule ambao ungebaki mradi usingekuwepo. Ukataji unaokadiriwa kwamba ungetokea bila mradi ndio huo "mstari wa msingi". Tuseme kila kijiji kina hekta 1,000. Ninyi hupoteza hekta 3 kwa mwaka, jirani 30 (namba hizi nimezitunga ili tuelewane). Mradi ukizuia ukataji wote, ninyi mtakuwa mmeokoa hekta 3 na jirani 30. Aliyefyeka jana ndiye mwenye mengi ya kuuza leo.

Ugumu uko kwenye hilo neno "usingekuwepo". Msitu huo hakuna aliyeuona. Unakadiriwa, na mara nyingi anayekadiria ndiye anayefaidika makadirio yakiwa makubwa. Mwaka 2023 mtafiti Thales West na wenzake walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa miradi 26 ya hewa ukaa ya misitu katika nchi sita, Tanzania ikiwemo. Badala ya kuamini mstari wa msingi wa mradi wenyewe, walitafuta maeneo yanayofanana nao yasiyo na mradi, kisha wakalinganisha ukataji. Miradi mingi haikuwa imepunguza ukataji kwa kiasi kilichodaiwa. Kati ya hati milioni 89 za kuuza zilizotarajiwa hadi 2020 kutoka miradi 18 kati ya hiyo, kila moja ikiwa tani moja ya hewa ukaa, ni kama milioni 5.4 tu zilizoendana na ukataji uliopungua kweli. Wapo wanasayansi na wenye miradi waliopinga namna maeneo ya kulinganisha yalivyochaguliwa. Hata hivyo wanunuzi wameshtuka, na mtaalamu wenu anayewapa namba ndogo leo huenda anawaepusha na aibu ya kesho.

Hapo wengine husema basi kulipa watu watunze misitu ni kazi bure. Si kweli, na ushahidi ninaouamini zaidi umetoka kwa majirani zetu Uganda. Mchumi Seema Jayachandran na wenzake walichukua vijiji 121 vya Hoima na Kibaale, wakavigawa makundi mawili kwa kura ya bahati nasibu. Katika vijiji 60 wenye misitu waliahidiwa shilingi 70,000 za Uganda kwa hekta kwa mwaka wasipokata. Vingine havikupewa ahadi yoyote. Baada ya miaka miwili picha za setilaiti zilionyesha kuwa miti ilipungua kwa asilimia 9.1 kwenye vijiji visivyo na malipo, na asilimia 4.2 kwenye vyenye malipo. Wala hawakuona dalili kwamba ukataji ulihamia misitu ya jirani. Uzuri wa kura ni kwamba "usingekuwepo" unaonekana kwa macho: ni kile kijiji cha pili. Na angalieni, hata kwenye malipo miti iliendelea kupungua. Aliyedai ameokoa msitu wote angekuwa anadanganya.

Mnaotunza mna njia? Ipo, ila ni nyembamba. Gabon, nchi yenye misitu mingi na ukataji mdogo, mwaka 2021 ilipokea dola milioni 17 kupitia mfuko wa misitu ya Afrika ya Kati unaofadhiliwa na Norway na wafadhili wengine. Lakini hayo yalikuwa makubaliano na serikali, si soko la kijiji kwa kijiji, na hata huko walipima kupungua kwa hewa ukaa kulinganisha na miaka ya nyuma. Kwa kijiji chenu hoja yenye nguvu ni tishio lililo mbele: barabara mpya, bei ya ufuta inayopanda, wafugaji wanaoingia. Likionekana kwenye ramani na kumbukumbu za doria zenu, mstari wa msingi unaweza kupanda kihalali.

Kabla ya mkutano mkuu wa kijiji, mwulizeni mtaalamu ametumia miaka ipi, na je ni historia ya msitu wenu au ya eneo lingine analoliita la kulinganisha? Amepunguza asilimia ngapi ya hati zenu kwa ajili ya mkaa unaohamia msitu wa pili, na ngapi kama akiba iwapo moto utauunguza msitu? Ulizeni pia kama mgao wenu unatoka kwenye mauzo yote au kwenye kinachobaki baada ya gharama. Akisema baada ya gharama, aziorodheshe moja moja, na ziingie kwenye muhtasari kabla mwenyekiti hajashika kalamu.