Wapenzi Wako Wanakula Nini?

Nimemaliza riwaya kuhusu kijana tajiri na msichana maskini. Mchapishaji ameirudisha akisema kwamba wahusika hawana uhai. Nimekosea wapi? (Msomaji, Tandahimba)

Ndugu yangu, nimesoma sura tatu ulizoambatanisha na hadi mwisho sikujua kijana huyo anaupata wapi utajiri wake. Ana gari, ana nyumba ya ghorofa, ana maua ya kumpelekea mchumba kila Jumamosi, lakini kazi hana. Wewe umekulia Tandahimba. Unajua jinsi nguo za watu zinavyonuka salfa wakati wa kupulizia mikorosho, kwa sababu ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, haumsubiri mtu, na unajua ni posa ngapi husogezwa mbele hadi minada ya korosho ianze mwezi wa kumi na fedha ziingie. Kijana aliyeahidi mahari kwa kutegemea bei ambayo bado haijatajwa mnadani, huku wazee wa binti wakiwa wamekwisha kuzipangia matumizi fedha hizo, ana hofu ambayo msomaji ataihisi tumboni mwake. Hiyo ndiyo riwaya niliyotamani kuisoma, na wewe ulikuwa nayo mlangoni pako.

Umemsahau pia mjomba. Kwa Wamakonde, Wayao na Wamwera, ambao kwa jadi huhesabu ukoo upande wa mama, mjomba wa binti ana neno zito katika posa. Riwaya ya kwetu ambamo baba peke yake anakubali na kukataa husomeka kama iliyoandikwa na mgeni.

Jambo jingine hukuliuliza, lakini nitalisema. Kisa chako ni cha mwaka 1995, na baba wa msichana anangoja malipo ya stakabadhi ghalani, mfumo wa mkulima kupeleka mazao ghalani na kulipwa yakishauzwa, ulioanza kutumika katika korosho msimu wa 2007/2008. Msomaji wa Mtwara atakifunga kitabu papo hapo.

Naomba unitumie riwaya zako zote bure kwa simu. (Nachingwea)

Hapana. Ombi hili huja kila mwezi, na kila mwezi jibu ni hili hili.

Siku hizi kila mtu ana simu. Wapenzi nitawatenganisha vipi? (Lindi)

Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulitufanyia kazi hiyo: magari yalipanga foleni kusubiri kivuko cha Ndundu, masika yaligeuza barabara kuwa tope, na barua ya mpenzi iliweza kufika wakati mambo yaliyoandikwa ndani yake yamekwisha kubadilika. Ukivitaka vizuizi hivyo, andika kisa cha miaka hiyo. Ukiandika cha leo, tafadhali usiimalizie simu chaji wala usiidondoshe baharini, maana hila hizo zimechakaa. Simu haijaondoa aibu. Binti anaweza kuusoma ujumbe mara kumi na asiujibu, kwa sababu mama yake ameketi kando yake akichambua mboga.

Wewe mwenyewe unasoma nini? (Masasi)

Ninapoandika, nasoma tenzi. Hurudi mara kwa mara kwenye utenzi ambao Mwana Kupona alimwandikia binti yake mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Wengi wanaulaumu kwa kumfunza mwanamke utiifu, na kwa sehemu kubwa nakubaliana nao, lakini mama yule alijua kwamba mapenzi hukaa katika vitu vidogo vinavyoshikika: udi wa kufukiza, upepeo wa kumpepea mume aliyelala. Na anayeniambia kwamba mapenzi si jambo la riwaya nzito humtuma akaisome *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kupigwa marufuku shuleni.

Unaandika saa ngapi? (Newala)

Baada ya swala ya alfajiri, hadi wauza samaki waanze kupita hapa Mikindani. Kwa mkono.

Mtu amejitolea kunichapia kitabu, ila anataka nimwachie haki zote kwa malipo ya mara moja. Nisaini? (Shangani, Mtwara)

Usisaini, dada yangu. Riwaya yangu ya pili niliiuza hivyo hivyo kwa mchapishaji nisiyetaka kumtaja, nikaiona ikichapwa tena na tena huku mimi nikiazima nauli ya kwenda Ndanda kumwona mgonjwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilikupa haki tangu ulipoandika, hata kabla ya kuisajili kazi yako popote, na ikaweka kwamba haki hiyo iendelee miaka 50 baada ya kifo chako, ili wanao nao waipate. Mali ya namna hiyo haiuzwi kwa fedha ya kununulia kitanda. Mpe ruhusa ya kuchapa toleo moja, kwa muda uliotajwa, ukilipwa kwa kila nakala inayouzwa, na haki ya filamu na ya redio ibaki kwako. Akisema kwamba mkataba wake ni wa kawaida na kila mwandishi huusaini, mrudishie. Aandike mwingine, idadi ya nakala ikiwa kwa tarakimu na kwa maneno.