Ulaya bila Warumi: maswali yenu na majibu

Wiki iliyopita niligusia kwamba Ulaya ilikuwa na mambo yake kabla Roma haijaivamia, maswali yakamiminika kuhusu Ulaya ingekuwaje kama Roma isingeivamia, nimechukua manne.

Swali: Si watu wa Ulaya wangebaki msituni tu, hawana barabara wala miji?

Hapana kabisa, na hii kauli inaniuma kila nikiisikia. Ireland haikuwahi kutawaliwa na Roma, lakini kuna barabara ya kale pale Corlea, watu walipasua mialoni wakapanga mbao moja moja juu ya kinamasi kama kilomita moja hivi, mkokoteni unapita, na ukihesabu pete za ukuaji za ile miti unakuta ilikatwa 148 KK. Nani aliwafundisha? Nao Wagali, wale wa Ufaransa ya sasa, walikuwa na miji ya vilimani kama Bibracte, ina kuta na mafundi chuma, sarafu za dhahabu wanazo. Yale mapipa ya mbao ya mvinyo Warumi waliyachukua kwao, na vazi la vita la pete za chuma pia.

Swali: Wangeandika kwa herufi gani sasa?

Za Kigiriki, naamini, maana walishaanza. Wagiriki walifungua mji wao Massalia, ndo Marseille ya leo kusini mwa Ufaransa, kwenye 600 KK, na Julius Caesar mwenyewe, jemadari wa Roma aliyeivamia nchi ya Wagali, anasema kwenye kambi ya Wahelveti, kabila la Uswisi ya leo, alikuta orodha za watu zimeandikwa kwa herufi hizo hizo. Ukitaka kuona biashara ilifika mbali kiasi gani angalia kaburi la Vix huko Ufaransa, lililofukuliwa 1953, amezikwa mwanamke na mtungi wa shaba wa Kigiriki, una mita 1.64 kwenda juu, kilo 208, unabeba lita kama 1,100, yaani unampita kimo mtu wa kawaida wa enzi hizo au mnalingana. Mzigo wote huo umefika katikati ya Ufaransa na hakuna jeshi la Roma lililousindikiza.

Swali: Lugha je?

Kifaransa, Kihispania, Kireno, Kiitaliano na Kiromania visingekuwepo, hivyo vyote ni watoto wa Kilatini. Paris ungesikia lugha ya ukoo mmoja na Kiwelshi, ile lugha ya Wales kule Uingereza. Hata sisi tungeguswa: meza tumeipata kwa Wareno nao wakaitoa kwenye Kilatini, shule imepitia kwa Wajerumani, Julai ni Julius Caesar, Agosti ni Augustus.

Swali: Lakini Roma si ndo ilileta amani na sheria?

Sheria sawa, hiyo ingepungua kweli, Ulaya ingekuwa vipande vipande na kila kabila na mila zake na vita vyao vya kuibiana ng'ombe visingeisha. Ila hiyo amani ilipatikanaje jamani? Plutarch, mwandishi Mgiriki wa kale, ameandika kwamba kwenye vita vya Caesar huko Gali, yaani nchi ya Wagali, watu milioni moja waliuawa na milioni nyingine wakatekwa, sasa hata ukiigawa hiyo namba kwa nne bado ni vijiji na vijiji vimefutika. Kiongozi wa Wagali, Vercingetorix, alijisalimisha kwenye ngome yao ya Alesia mwaka 52 KK ili wenzake wapone, wakamfunga miaka sita, halafu 46 KK wakampitisha kwenye gwaride mitaani Roma watu wanamtazama, ndo wakamuua.