Maziwa hayaoshi mapafu

Kila Jumamosi bosi alituletea maziwa, pakiti mbili mbili kwa kila mpuliza rangi. "Kunyweni, yanatoa sumu kifuani." Alikuwa mtu mwema, na yeye mwenyewe aliyanywa hivyo hivyo enzi zake za ufundi. Mimi niliyanywa miaka 6, kwenye gereji moja ya uani pale Buguruni, mpaka kifua kikagoma.

Maziwa yanaenda tumboni. Ukungu wa rangi unaenda kwenye mapafu. Hilo nilifundishwa shule ya msingi, na bado nikanywa.

Kilianza kikohozi cha usiku. Mchana napuliza bila shida, saa nane usiku nimekaa kitandani natafuta pumzi. Zahanati nikapewa antibayotiki, baadaye nikapima makohozi, TB hakuna. Hakuna aliyeniuliza nafanya kazi gani, na mimi sikusema, maana kikohozi kinamhusu nini fundi rangi? Sikukuu ya Idi nikaenda Lushoto siku kumi, kikapotea chote. Nikarudi kazini, gari la kwanza tu, usiku ule ule kikaanza upya. Mama watoto akasema, "Mbona Lushoto hukohoi?" Maneno hayo ndiyo niliyompelekea daktari, na safari hii akataka kujua nashika nini kazini. Kwa hiyo ukikohoa usiku halafu ukapona likizo, mwambie daktari kazi yako kabla hajakuuliza.

Sisi wote tulikuwa tunaogopa tina, ile ya kuyeyushia rangi, kwa sababu inanuka. Kweli inaumiza kichwa na kulevya. Lakini kilichoniangusha kilikuwa hadina, lile kopo dogo tunalochanganya na klia, ile ya juu kabisa isiyo na rangi, ili ikauke ngumu na kung'aa. Ndani yake mna kemikali za isosayaneti. Ukiona kwenye lebo neno lenye "isocyan" ndani yake, ndizo hizo. Zikipulizwa zinakuwa ukungu mwembamba, na pua haizinusi hata zikiwa za kutosha kukudhuru. Mwili ukishazikataa unapata pumu, na kuanzia hapo chembe kidogo tu inakuamsha usiku. Ndiyo maana mimi sikupona kwa kununua barakoa nzuri. Niliacha kupuliza. Na muuzaji akikwambia rangi yake ni ya maji, haina neno, muulize klia ya juu yake inachanganywa na nini.

Sasa nasimamia gereji ya shemeji yangu, vijana wanne. Barakoa za kitambaa na zile za hospitali nilizitupa siku ya kwanza. Zile zenye vichujio viwili vya mkaa ni afadhali, ila kichujio kikichoka hakikwambii, na isosayaneti pua haizinusi, sasa utajuaje? Tukanunua kofia inayoletewa hewa kwa mpira kutoka kwenye kompresa, pamoja na vichujio vya kukamata mafuta na maji. Bei iliniuma, pesa nilikopa VICOBA. Kompresa yenyewe tuliihamisha mbali na jenereta, vinginevyo ungekuwa unamvutisha kijana moshi kwa mpira.

Kilichonisumbua zaidi ni tabia. Fundi akimaliza mkono wa mwisho anafunua kioo cha kofia papo hapo kutazama kama klia imetoa machozi, yaani imechuruzika. Nami nilikuwa hivyo. Ukungu usiouona bado umejaa chumbani, na kwenye chumba cha kawaida unaweza kuchukua hata zaidi ya dakika 20 kuisha. Siku moja, kabla ya kufungua kopo lolote na makopo yote yakiwa nje, nilichoma udi mle ndani nione hewa inakwenda wapi. Moshi ukazunguka ukarudi usoni kwangu! Feni tulikuwa tumeifunga upande wa upepo. Tuliihamisha siku hiyo hiyo.

Kunawa mikono kwa tina nimepiga marufuku. Mafuta ya kula kidogo kisha sabuni vinatoa rangi, na ukivaa glavu za naitraili hutakuwa na rangi nyingi ya kutoa. Hadina ikigusa ngozi nayo ina mchango wake katika mzio huo.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao unafidia magonjwa yatokanayo na kazi. Mimi sikudai kitu: sikuwa na mkataba wala hati ya mshahara, hata jina langu halikuandikwa popote zaidi ya daftari la madeni ya chai. Dogo, kabla ya kuuliza posho, uliza mkataba.

Juzi kijana mmoja aliniuliza kwa nini hapa hatupewi maziwa. Nikamwambia yapo jikoni, ni ya chai, na asisahau kuning'iniza kofia mahali pasipo na vumbi.