Kisomaji cha RFID cha mkononi: anza kwa kupunguza usikivu

Bodi ya kwanza ya kisomaji cha RFID (kifaa kinachosoma kwa mawimbi ya redio tagi, yaani vibandiko vyenye chipu) niliyoichora kwa ajili ya kubebwa mkononi ilijaa vipuri, na zaidi ya nusu yake vilikuwa vya kupokea tu: amplifaya ya kuanzia, vichujio vitatu, na kushusha masafa kwa hatua mbili kama redio ya kawaida. Niliijenga hivyo kwa sababu niliamini kipokezi kizuri ni kile kinachosikia mnong'ono wa mbali kabisa. Betri ikawa haimalizi siku. Nilipoilinganisha na bodi ya majaribio yenye dayodi mbili na kapasita chache, umbali wa kusoma tagi ulitofautiana kwa sentimita chache tu. Kazi ya miezi kadhaa ilikuwa imeishia kwenye usikivu ambao hakuna tagi iliyouhitaji.

Ninazungumzia tagi zisizo na betri, za masafa ya megahezi 860 hadi 960. Tagi hizi zinaishi kwa nguvu ya kisomaji na zinajibu kwa kurudisha sehemu ya wimbi lilelile. Kwa hiyo chukua karatasi upige hesabu kabla hujachora chochote. Tuseme kisomaji chako kinarusha miliwati 100, yaani 20 dBm (kipimo ambacho 0 ni miliwati 1, na kila desibeli 10 ni mara kumi), na chipu ya tagi inaamka ikipata angalau −18 dBm. Njia ya kwenda inaweza kupoteza desibeli 38; ikizidi hapo, tagi imelala. Kwenye megahezi 915, kwa antena zinazosambaza sawa kila upande, hizo ni kama mita 2 za hewa tupu. Tagi ikijibu tuseme inapoteza desibeli 6, kisha njia ya kurudi inakula nyingine 38. Kinachofika kwenye kipokezi ni −62 dBm.

Ongeza akiba ya desibeli 10 na hesabu imekwisha. Kipokezi chenye uwezo wa kusikia −90 dBm hakitasoma hata tagi moja ya ziada, kwa sababu kwenye umbali huo tagi ilishazima zamani na haina la kusema. (Tagi zenye betri zina hesabu nyingine kabisa.)

Tatizo kubwa limo ndani ya kifaa chenyewe. Kisomaji hakinyamazi wakati wa kusikiliza. Lazima kiendelee kurusha wimbi, la sivyo tagi inazimika. Sehemu ya wimbi hilo inagonga antena na kuvuja kurudi kwenye kipokezi. Kidole kikikaa karibu na antena, moja ya kumi ya nguvu inaweza kurudi: 10 dBm, ubavuni mwa jibu la −62 dBm. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara milioni 10. Amplifaya ya kuanzia haichagui, inakuza vyote viwili, na inazidiwa kabla jibu la tagi halijapita. Niliing'oa ile yangu, na kipokezi kikaanza kusoma vizuri zaidi kikiwa mkononi.

Uvujaji huo, ukiuelewa, unakurahisishia kazi. Wimbi lililovuja na jibu la tagi vimetoka kwenye osileta moja, sakiti inayozalisha wimbi. Ukivichanganya na osileta hiyohiyo, masafa yanashuka moja kwa moja hadi sifuri. Uvujaji unageuka volti tulivu ambayo kapasita moja inaizuia, na kwa kuwa safari ni fupi, mitetemo ya osileta yenyewe inafutana kwa kiasi kikubwa. Huhitaji kupitia masafa ya kati, kama katika ile bodi yangu ya hatua mbili, wala osileta ya pili. Kinachobaki ni jibu lililo kati ya kilohezi 40 na 640, kazi ambayo amplifaya ndogo ya bei nafuu inaimudu.

Lakini usirahisishe mpaka ukabaki na tawi moja la kupokea, yaani dayodi moja tu inayolinganisha jibu na wimbi la kisomaji. Nilijaribu, nikapata kisomaji kilichosoma tagi, kikaipoteza nilipokisogeza sentimita chache, kisha kikaiona tena. Nilisaka maungio mabovu ya risasi kwa siku mbili, na maungio hayakuwa na kosa. Jibu la tagi lilikuwa linafika robo mzunguko mbali na wimbi la kulilinganishia, na hapo tawi moja halioni kitu. Kwenye megahezi 915 sehemu hizo za upofu zinajirudia kila sentimita 8 hivi. Tiba nafuu ni dayodi mbili kwenye njia ya antena, zikiachana kwa moja ya nane ya urefu wa wimbi ndani ya bodi, ambao ni mfupi kuliko wa hewani. Moja ikipofuka, nyingine inaona.

Kilichonisumbua kuliko vyote ni ile kapasita ya kuzuia volti tulivu. Kisomaji kinapotuma amri kinakatakata wimbi lake, na kapasita inajaa na kumwaga chaji ovyo. Tagi haisubiri: kwa kasi ya polepole niliyotumia, ilianza kujibu takriban mikrosekunde 62 baada ya amri. Mimi nilikuwa nimeweka kikomo cha chini cha kichujio cha kapasita hiyo (yaliyo chini yake yanazuiwa) kwenye kilohezi 1 nikidhani ninalinda jibu, na kichujio cha namna hiyo kina muda wa kutulia wa takriban mikrosekunde 160. Mwanzo wa kila jibu ulikuwa unamezwa. Kwenye osiloskopu ulionekana mteremko mrefu, na jibu limezama ndani yake.

Nilipandisha kikomo hadi kilohezi 20, muda ukashuka hadi mikrosekunde 8. Ili hilo lisiharibu jibu lenyewe, kisomaji kiliiagiza tagi itumie usimbaji wa Miller, ambao unasogeza nguvu ya jibu mbali na sifuri. Kwa mizunguko 4 kwa kila biti kwenye kilohezi 160, unapata biti 40,000 kwa sekunde. Jibu la biti 128 linachukua milisekunde 3.2, bila kuhesabu utangulizi wake. Ni polepole, lakini kwa mtu anayesoma tagi moja moja kwa mkono, ningekubali polepole hiyo kila mara. Mawimbi yenyewe niliyapeleka kwenye kigeuzi cha biti 12 (kinachobadili volti kuwa namba) kilichomo tayari ndani ya mikrokontrola, na programu ikafanya kazi iliyokuwa ya vichujio.

Fanya vipimo vyote kifaa kikiwa ndani ya boksi lake, betri mahali pake, na mkono umekishika. Antena yangu iliyorudisha moja ya mia ya nguvu ikiwa mezani ilirudisha moja ya kumi nilipoishika, na kapla (kipuri kinachotenganisha wimbi linalotoka na linalorudi) niliyokuwa nimeichagua kwa vipimo vya mezani ilibidi ibadilishwe.