Jibu: oksijeni 72 Bukavu, ni ugonjwa?

Dada, umeuliza kwa nini kijana wa zoezi lenu, mkazi wa Bukavu (mashariki mwa Kongo), ana oksijeni ya ateri, yaani ya damu itokayo moyoni, mmHg 72 na kabonidioksidi mmHg 36 (mmHg, milimita za zebaki, ni kipimo cha kanieneo), na hana hata dalili moja, wakati kitabu kinadai 80 hadi 100. Namba za kitabu ni za usawa wa bahari. Sisi hapa Bukavu tuko kwenye mita kama 1,500 juu yake, ambako kanieneo ya hewa ni karibu mmHg 640, si 760. Sehemu ya oksijeni hewani ni ileile 21%. Kilichopungua ni msukumo wake.

Piga hesabu. Toa kwanza 47 ya mvuke wa maji (wengi huisahau!): 640 − 47 = 593. Zidisha kwa 0.21, unapata 124.5. Kisha toa kabonidioksidi ukiigawanya kwa 0.8 (uwiano wa kabonidioksidi tunayotoa kwa oksijeni tunayotumia): 36 ÷ 0.8 = 45. Vifuko vya hewa vya mapafu vina karibu 80. Tofauti na ateri ni 8 tu, kawaida kabisa kwa kijana. Ukiweka 760 utapata tofauti ya 33, na utamsingizia ugonjwa mtu mzima wa afya.

Kwa mtihani, soma tofauti hiyo kabla ya kutaja ugonjwa. Ikiwa ya kawaida na kabonidioksidi imepanda, mgonjwa hapumui vya kutosha. Ikiwa kubwa, fikiria nimonia, embolia ya mapafu (donge linaloziba mshipa wa damu wa mapafu) au shunti (damu inayofika kwenye ateri bila kukutana na hewa). Shunti kubwa utaitambua kwa sababu oksijeni 100% hairekebishi sana. Mwalimu asipotaja mji katika swali, tumia 760.